Kwa Wanaopanga Vikosi vya AFL: Mpeni Kijana Mechi Nne, Kisha Mwambieni Ukweli

Kwa Tume ya AFL, ligi kuu ya mpira wa Kiaustralia, makocha wakuu wa klabu zote 18 na wajumbe wa kamati za uteuzi,

Waheshimiwa, salaam.

Nina ombi moja lenye sehemu mbili. Kijana mliyemsajili akiwa na miaka 18 au 19, siku mtakayompa namba kwenye kikosi cha kwanza mwacheni acheze mechi nne mfululizo ndipo mumpime. Na kama siku hiyo bado haijafika, mkalisheni yeye na wazazi wake, muwaeleze waziwazi anapungukiwa na nini, kwa lugha ambayo wazazi wenyewe wanaielewa.

Vikosi hutangazwa kila wiki, kwa kawaida Alhamisi jioni, na sisi mashabiki hatulali mapema siku hiyo. Huku magharibi mwa Melbourne tuko Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, na ndugu zetu wa Sudan Kusini waliojifunza Kiswahili kambini Kenya. Mabishano huanzia kwenye makundi ya simu na hufika hadi Jumapili, watu wakitoka ibadani. Kijana wetu yumo? Hayumo. Kaandikwa kwenye wachezaji wa dharura, wa kuingia tu mtu akiumia kabla ya mechi. Basi hapo tunagawanyika. Wapo wanaosema apewe namba leo, maana wikiendi iliyopita kwenye kikosi cha akiba alidaka kila kilichopita juu yake. Wapo wanaosema aachwe akomae, mwili bado mwepesi, akikutana na mwanaume wa kilo 100 anayekuja kwa kasi ataumia na mwaka utapotea. Kila upande una hoja na una mifano yake. Kitu ambacho hakuna upande ulio nacho ni habari, kwa sababu klabu ikiulizwa hujibu sentensi ileile: anaendelea vizuri, tunafurahishwa naye, muda wake utafika.

Wasomaji wenzangu wasioufuata mchezo huu wanivumilie kidogo. Mpira una umbo la yai na uwanja ni wa duara refu. Kila timu ina watu 18 uwanjani. Mechi ina robo nne za dakika 20, ambazo kwa kufidia muda wa mpira kusimama hufika karibu dakika 30 kila moja. Mpira hupigwa kwa mguu au kwa ngumi, hudakwa hewani, na ukipita katikati ya nguzo mbili ndefu ni pointi 6. Ukipita pembeni mwake unapata pointi 1. Klabu huwa na wachezaji zaidi ya 40 kwenye orodha yake, lakini wanaotajwa kwa ajili ya mechi ni 23 tu. Waliobaki, ukiondoa majeruhi, huenda kucheza daraja la chini yake: VFL kwa klabu za Victoria, Sydney na Queensland, SANFL kwa za Adelaide, WAFL kwa za Perth. Kwa hiyo kila wiki kuna vijana wengi wanaolipwa na klabu kubwa, wanafanya mazoezi na nyota wake, lakini mechi wanachezea kwingine mbele ya watu wachache. Kuna wanaokaa huko mwezi mmoja, na kuna wanaokaa miaka mitatu.

Waheshimiwa, sisemi kila kijana aingizwe mara moja. Wanaodai hivyo wamkumbuke Jack Watts. Melbourne ilimchukua kuwa chaguo la kwanza kabisa kwenye drafti ya 2008, yaani pale klabu zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Juni 2009, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, akaingizwa kwenye mechi yake ya kwanza MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, tena siku ya mapumziko ya kuzaliwa kwa Malkia, dhidi ya Collingwood, siku ambayo nchi nzima inatazama. Wachezaji wa Collingwood walimrukia watatu kwa pamoja mpira ulipomfikia, na picha ile imemfuata maisha yake yote ya mpira. Watts alikuja kucheza mechi zaidi ya 150 akiwa Melbourne na alikuwa mchezaji mzuri. Lakini kwa miaka mingi watu walimtazama kwa jicho la siku ile, kana kwamba kijana wa miaka 18 ndiye aliyejipanga kikosini.

Upande wa pili una mifano mingi zaidi, na hii ndiyo ninayoipenda. Sam Mitchell, ambaye leo ni kocha wa Hawthorn, mwaka 2002 alikuwa kwenye orodha ya klabu hiyohiyo lakini muda mwingi alicheza Box Hill. Mwaka huo akawa mchezaji bora wa VFL. Mwaka uliofuata akatwaa tuzo ya chipukizi bora wa ligi kuu, na jina lake likaja kuandikwa kwenye medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa ligi kuu, ya mwaka 2012. Matt Priddis alipitwa kwenye drafti, West Coast ikamchukua kwa mlango wa nyuma wa wanagenzi, akashinda Sandover, tuzo ya mchezaji bora wa WAFL, mwaka 2006, na mwaka 2014 akashinda Brownlow. Wote wawili waliambiwa na watu wa mpira kwamba ni wazito wa miguu. Yupo pia Max Gawn, yule mrefu anayegombea mpira mwamuzi anapouanzisha. Alisajiliwa mwaka 2009, akapambana na majeraha ya goti, na hakuingia kwenye kikosi bora cha mwaka hadi 2016. Watu warefu huchelewa. Kila kocha analijua hilo, na kila shabiki hulisahau ikifika Alhamisi.

Na kuna Marlion Pickett. Richmond ilimchukua kwenye drafti ya katikati ya msimu wa 2019, akiwa na miaka 27, akitokea South Fremantle ya WAFL. Alianzia kikosi cha akiba. Septemba wakashinda fainali ya VFL, yeye akawa mchezaji bora wa siku. Siku sita baadaye, Jack Graham akiwa majeruhi wa bega, Pickett akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, nayo ilikuwa Fainali Kuu yenyewe, mbele ya watu zaidi ya 100,000. Hakuna aliyekuwa ameanzia kwenye Fainali Kuu tangu 1952. Richmond ikashinda kwa tofauti ya pointi 89. Mfano huu nautaja kwa sababu Richmond ilikuwa inatazama kweli kinachotokea kwenye kikosi chake cha akiba, na mtu aliyefanya kazi huko alipata malipo yake huko juu. Vijana wengi wanachotaka kujua ni hilo tu: je, kuna anayetazama?

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Kijana hucheza mechi kumi na zaidi kwenye akiba. Mtu wa nafasi yake anaumia, anaitwa. Klabu inarekodi video: kocha anamwambia mbele ya wenzake, wenzake wanamrukia, anampigia mama yake simu, mama analia. Jezi anakabidhiwa na baba au kaka yake. Video ile tunaisambaza sisi wenyewe hadi Kinshasa na Bujumbura. Anacheza, anagusa mpira mara saba, anakosea mara mbili, timu inapoteza. Alhamisi inayofuata hayumo. Hapo hapo mabishano yanawaka: alipewa nafasi, akaichezea. Hukumu imetoka kwa mechi moja, na mara nyingi mechi yenyewe ilikuwa ugenini, kwenye mvua, dhidi ya timu iliyo juu ya msimamo, akicheza nafasi ambayo hakuwahi kuicheza kwenye akiba. Wali unaofunuliwa kila dakika hauivi, na kosa si la mchele.

Mechi nne si nyingi. Kuna mechi 23 kwa msimu kabla ya hatua ya fainali. Mechi ya kwanza ni ya hofu, hata nyota watakuambia hawakumbuki robo ya kwanza ilivyopita. Ya pili mwili unauma, kwa sababu hajazoea kupumzika siku sita baada ya mgongano wa kiwango kile. Kuanzia ya tatu ndipo kocha anaanza kumwona mchezaji mwenyewe: anasimama wapi mpira ukiwa upande wa pili, anawasemesha wenzake, anarudi kukaba akishapoteza mpira. Mkimtoa baada ya moja, mmepima hofu.

Najua jibu lenu. Kocha anapimwa kwa pointi za Jumamosi, na kijana anayejifunza anaweza kumgharimu kazi. Simlaumu kocha kwa kuogopa. Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwa Tume na kwa wakurugenzi pia, si kwa makocha peke yao. Bodi ikimwambia kocha wazi kwamba nafasi moja kati ya 23 ni ya kukuzia kijana na hatahukumiwa kwa hiyo, kocha atapumua. Klabu zilizo mkiani mwezi Julai hazina hata kisingizio.

Kuna jambo mlilolifanya vizuri, nami nalishukuru. Kuanzia 2023 hadi 2025 kila timu ilikuwa na mchezaji mmoja wa ziada aliyekaa benchi akisubiri hadi kocha aamue kubadilisha. Mara nyingi kiti kile alikalishwa kijana. Alivaa fulana ya mazoezi robo tatu nzima, akaingizwa dakika za mwisho miguu imepoa, na mechi ya VFL ya wikiendi hiyo ilikuwa imeshampita. Kwenye kitabu ilihesabiwa kuwa amecheza mechi ya ligi kuu. Nyumbani alirudi hajacheza kokote. Kwa msimu wa 2026 mmekifuta kiti hicho na kuweka watu watano wa kupokezana benchi. Ni uamuzi wa haki kabisa.

Lakini mchezaji wa dharura bado yupo. Timu ikisafiri kwenda Perth au Brisbane, kuna anayepandishwa ndege kwa tahadhari tu, asije mtu akaumia wakati wa kupasha mwili moto. Asipoumia mtu, yeye anakaa jukwaani kwa suti. Kama ni mkongwe, sawa, anajua kazi. Kama ni kijana mwenye miaka 19, mnamnyang'anya mechi anayoihitaji kuliko mtu mwingine yeyote kwenye orodha. Tume inaweza kuandika kanuni rahisi: mchezaji aliye chini ya mechi kumi za ligi kuu asisafirishwe kuwa wa dharura wiki mbili mfululizo.

Sasa kuhusu vijana wenye asili ya Afrika, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Wanapojadiliwa, na watangazaji, na mashabiki, na hata watu wa klabu, husifiwa kuruka. Husifiwa mbio, urefu, mikono mirefu. Halafu huongezwa kwamba ni wabichi, mchezo bado hawajauelewa. Baadhi yao kweli walianza kuucheza wakubwa, na hilo si tusi. Ila sifa hiyo ikishabandikwa haibanduki, na ndiyo hutumika kueleza kwa nini mwenzake wa umri uleule, mwenye makosa yaleyale, kapewa namba na yeye hajapewa.

Aliir Aliir alizaliwa kambini Kakuma, kaskazini mwa Kenya, mwaka 1994. Alifika Australia akiwa mtoto. Sydney Swans walimchukua kwenye drafti ya 2013 akiwa chaguo la 44, na hakucheza ligi kuu hadi 2016. Misimu miwili mizima ya akiba. Kisha akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021, msimu wake wa kwanza pale, akachaguliwa kwenye kikosi bora cha nchi nzima. Alichaguliwa kwa lipi? Kwa kudaka mipira ya wapinzani nyuma. Kazi hiyo haifanywi kwa kuruka tu. Unatakiwa ujue mpira utaangukia wapi kabla aliyeupiga hajauachia mguuni, uamue umwache mtu wako au umfuate, na ukikosea ni pointi 6. Ni kazi ya kusoma mchezo. Kijana wa Kakuma amekuwa miongoni mwa wanaoisoma vizuri kuliko wote, na bado kuna wanaowatazama wadogo zake wakaona miguu tu.

Kabla yake kulikuwa na Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, aliyekulia hukuhuku kwetu magharibi. North Melbourne ilimchukua mwishoni mwa 2009 na alisubiri hadi 2013, akichezea Werribee ya VFL. Wazazi wengi wa huku walianza kuwaruhusu watoto wao kucheza mpira huu kwa sababu yake. Alibeba matarajio ya watu wengi mno mgongoni mwake, na kila wiki aliyoachwa nje ilikuwa ya watu wote hao. Mkumbuke hilo mnapomwacha nje kijana wa jamii ndogo. Msimpe namba kwa huruma, hakuna anayeomba hivyo. Ila jueni kwamba maswali anayoulizwa kanisani na msikitini ni mengi kuliko anayoulizwa mwenzake, na hana la kujibu kwa sababu ninyi hamjamwambia.

Ndipo nafika kwa wazazi. Drafti hufanyika Novemba, na usiku mmoja unaweza kumpeleka mtoto jimbo jingine. Mac Andrew alikuwa kwenye akademi ya Melbourne, lakini kanuni ya mwaka 2021 ilizuia klabu kumbakiza kijana wa akademi ya aina hiyo akitajwa na klabu nyingine ndani ya chaguo 20 za kwanza. Gold Coast ikamchukua akiwa namba 5, akahamia Queensland. Kwake mambo yamekwenda vizuri, na kanuni ile baadaye mkaibadilisha. Lakini fikirieni mzazi ambaye mwanawe yuko mbali, mkataba wa kwanza mara nyingi ni wa miaka miwili, mwaka wa kwanza umeisha bila mechi, na taarifa pekee anazopata ni za kwenye makundi yetu ya simu, zetu sisi tunaobishana bila kujua. Asiyekuwepo na lake halipo. Mwisho wa msimu kijana anaitwa ofisini, anaambiwa mkataba hauongezwi. Kikao hicho hakina video.

Familia moja ninayoifahamu ilipata habari ya namna hiyo kupitia mtandao, saa kadhaa kabla kijana hajapata ujasiri wa kupiga simu nyumbani. Klabu siitaji. Mama yake alichoniuliza ni kimoja: walikuwa wanamtaka afanye nini? Nilikuwa nimetazama karibu mechi zake zote za akiba na sikuweza kumjibu. Walimchezesha mshambuliaji mwezi mmoja, mlinzi mwezi mwingine, mrukaji wa kati mwezi wa tatu. Labda walikuwa na sababu nzuri. Sababu nzuri isiyosemwa haimsaidii mtu.

Kwa hiyo naomba haya, mbali na zile mechi nne. Katikati ya msimu, kabla ya mwisho wa Juni, kila kijana aliye kwenye mkataba wake wa kwanza apewe karatasi moja: nafasi mnayomwandalia, mambo matatu ya kurekebisha, na nani kocha anayehusika. Nakala iende kwa wazazi kama kijana ameridhia. Kama wazazi wanazungumza Kiswahili, Kidinka, Kiarabu au Kivietinamu, mkalimani awepo kwenye kikao. Nchi hii ina wakalimani wazuri na klabu zina uwezo wa kuwalipa. Na mkishachagua nafasi, mwacheni acheze nafasi hiyo kwenye akiba angalau nusu ya msimu, ili siku ya kuitwa asiwe anajifunza mbele ya watu 60,000.

Mashabiki tutaendelea kubishana, na sitaki tuache, maana kubishana ndiko kunakotupeleka uwanjani. Tutabishana vizuri zaidi kama klabu itasema hadharani sehemu ndogo ya yale iliyomwambia kijana faragha. Kocha akisema "tunamtaka aongeze kilo nne na ajifunze kukaba, tutamwangalia tena Julai", nami nikiwa nyumbani nitajua cha kutazama Jumamosi mchana kwenye VFL. Hata wale wanaomtukana mtandaoni watakosa pa kushikia.

Natarajia majibu yenu kabla ya kipindi cha kupunguza orodha mwishoni mwa msimu. Hata kama ni klabu moja tu itakayojibu, nitaisambaza barua yake kwenye makundi yetu yote. Mkiandika kwa Kiingereza, tutatafsiri wenyewe.

Wenu,
Shabiki, magharibi mwa Melbourne